Kupima Mara Moja Hakutoshi

Mwalimu anayeita majina siku ya kwanza ya muhula, kisha akalifunga daftari la mahudhurio na asilifungue tena mpaka Desemba, hawezi kusema ni mtoto gani ameacha shule, wala aliacha lini, wala kwa sababu gani. Anachojua ni kwamba Januari watoto walikuwapo. Hakuna mwalimu mkuu atakayeikubali kazi ya namna hiyo, na hakuna mkaguzi atakayeipitisha. Walakini habari za damu ya watu wazima, hasa katika nchi maskini, zimekuwa zikikusanywa kwa mtindo huo huo. Timu inafika kijijini na magari yake, wananchi wanapanga foleni chini ya mwembe, mikono inafungwa mpira, damu inatolewa, wataalamu wanaondoka. Baada ya miaka miwili au mitatu makala hutokea katika jarida la ng'ambo ambalo mwenyekiti wa kijiji hatalisoma maisha yake yote. Daftari limefungwa.

Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliwapima watu zaidi ya 5,000 wa Tanzania Bara, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Yalipimwa mengi: uzito, shinikizo la damu, sukari, na kolesteroli, ambayo waandishi wengine wa Kiswahili huiita lehemu. Kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne alikutwa na kolesteroli iliyozidi kiwango. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya kupongezwa. Lakini namba moja, hata ikiwa ya kweli kabisa, haina jana wala kesho. Haiwezi kumwambia Mganga Mkuu wa Wilaya kama watu wake wanapanda mlima au wanateremka. Ili ajue hilo, hana budi kupima tena, mahali pale pale, kwa njia ile ile, na tena baada ya hapo.

Yafaa kwanza ieleweke kolesteroli yenyewe ni kitu gani, maana siku hizi imekuwa neno la kutishana kwenye meza ya chai. Si sumu. Mwili hauwezi kuishi bila hiyo: ni sehemu ya ngozi nyembamba inayozunguka kila chembe hai, na kutokana nayo mwili hutengeneza nyongo na baadhi ya homoni. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe. Hatari inaanza pale inapokuwa nyingi mno katika damu, hasa ile inayobebwa na chembechembe ambazo hujipenyeza katika kuta za mishipa na kukaa humo. Mwaka 1913 mtaalamu wa Urusi, Nikolai Anitschkow, aliwalisha sungura kolesteroli akaona mishipa yao inaharibika. Kwa binadamu jambo hilo huchukua miaka ishirini, thelathini au arobaini. Haliumi. Halina homa. Mtu hulima, hufundisha, hucheza ngoma, na siku mshipa wa moyo unapoziba ndugu zake husema kwamba alikuwa mzima kabisa jana yake.

Ugonjwa wa namna hiyo haungoji zahanati iufahamu. Ndiyo maana hesabu yake haianzii kwa mgonjwa. Huanzia kwa jamii nzima, wazima kwa wagonjwa, na kwa miaka mingi. Wamarekani walianza kazi hiyo mwaka 1948 katika mji mdogo wa Framingham, kwa kuwaandikisha watu 5,209 na kuwarudia kila baada ya miaka miwili. Framingham ilithibitisha kwamba mwenye kolesteroli nyingi yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Lakini iko jamii nyingine iliyokwenda mbali zaidi ya kuthibitisha, na habari zake zinastahili kusomwa na kila mtumishi wa umma wa Tanzania.

Jimbo la Karelia ya Kaskazini liko mashariki ya Ufini, mpakani na Urusi. Katika miaka ya 1960 lilikuwa jimbo la watu takriban laki mbili, wengi wao wakulima wadogo wenye ng'ombe wachache, na wakata magogo. Halikuwa jimbo la mabwanyenye. Walakini wanaume wake walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kuliko karibu watu wengine wote waliokuwa wakihesabiwa duniani. Katika kila wanaume 100,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64, zaidi ya 600 walikufa kwa maradhi hayo kila mwaka. Mwanamume alikuwa akianguka msituni na shoka mkononi, akiwa na miaka arobaini na mitano, na ameacha watoto wanaosoma shule ya msingi.

Wananchi wenyewe ndio waliochoka. Januari 1971 viongozi wa jimbo, wakiwamo mkuu wa jimbo na wabunge, walitia saini ombi kwa Serikali yao wakitaka hatua ichukuliwe. Neno hilo lina uzito wake: hawakuletewa mradi, waliudai. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, na akakabidhiwa daktari kijana, Pekka Puska, ambaye hakuwa amefikia hata miaka thelathini. Yeye na wenzake walifanya jambo moja kabla ya kuhubiri lolote. Walipima. Walichagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wakazi, katika Karelia na pia katika jimbo jirani la Kuopio, ili pawepo pa kulinganishia. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi walioitwa waliitika. Wastani wa kolesteroli wa wanaume wa Karelia ulikuwa karibu milimoli 6.9 katika kila lita. Waganga wengi hupenda isizidi 5. Maana yake ni kwamba mtu wa kawaida, jirani ambaye hakuna aliyemwita mgonjwa, alikuwa tayari amevuka mpaka.

Chanzo kilikuwa wazi mezani. Mkarelia alipaka siagi kwenye mkate, akapikia siagi, akanywa maziwa yasiyotolewa mafuta, na mboga za majani akaziona kuwa ni chakula cha mifugo. Hata kahawa yake ilikuwa ya kuchemshwa bila kuchujwa, na baadaye ikagundulika kwamba kahawa ya namna hiyo, ikinywewa kwa wingi, hupandisha kolesteroli. (Wazee wa baraza wa Pwani wasishtuke: kikombe cha kahawa chungu ni kidogo, na Mfini alikuwa akinywa birika.)

Kilichofuata hakikuwa miujiza. Vyama vya akina mama wa vijijini viliitisha karamu za jioni na kupika vyakula vile vile vya nyumbani kwa mafuta kidogo na mboga nyingi, watu wakala, wakasema kumbe kinalika. Waganga na wauguzi walifundishwa upya. Magazeti ya jimbo yaliandika juma kwa juma. Wenye viwanda vya soseji walibembelezwa mpaka wakapunguza mafuta. Baadaye vijiji vilishindanishwa kuteremsha wastani wa kolesteroli, na watu wakawa wanauliza namba ya kijiji jirani kama wanavyouliza matokeo ya mpira. Na kila baada ya miaka mitano, bila kukosa, wapimaji walirudi: 1977, 1982, 1987, 1992, na kuendelea. Wastani wa wanaume ulishuka hatua kwa hatua, hata kufika mwaka 2007 ulikuwa karibu 5.4. Vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya mteremko huo ilitangulia kuenea kwa vidonge vya kupunguza kolesteroli. Kijiko na kisu cha mkate ndivyo vilivyoifanya kazi hiyo.

Yupo atakayeuliza kama kweli mradi ndio uliofanya, na anauliza vema. Kuopio nako, jimbo la kulinganishia, kolesteroli ilishuka. Ufini nzima ilishuka, na wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya nani apewe sifa. Lakini ubishi huo wenyewe umewezekana kwa kuwa kuna namba za kubishania. Pasipo vipimo vya kila miaka mitano kungebaki hadithi tu, kila mtu na yake: mganga angejisifu, mwanasiasa angejisifu, mwenye kiwanda cha siagi angesema watu wamebadilika wenyewe. Tena habari haikuishia kwenye sifa. Mwaka 2012 wapimaji walikuta wastani, kwa mara ya kwanza tangu 1972, umepanda kidogo badala ya kushuka. Siagi ilikuwa imerudi mezani, na mitindo ya kula mafuta mengi na kuacha wanga ilikuwa imeenea. Upandaji huo ulikuwa mdogo sana, haufiki hata sehemu mbili za kumi za milimoli. Hakuna mganga ambaye angeuona chumbani kwake, kwa mgonjwa mmoja mmoja. Uliuona daftari.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo Mwingereza Geoffrey Rose aliieleza mwaka 1985, na inafaa kufundishwa katika vyuo vya ualimu na vya utumishi wa umma. Rose alilinganisha shinikizo la damu la wafugaji wa kuhamahama wa Kenya na la makarani wa Serikali mjini London. Hakukuta makarani wachache wagonjwa katikati ya makarani wengi wazima. Alikuta kundi zima la London limehama na kukaa juu ya kundi la Kenya. Mgonjwa wa London hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa ncha ya jamii iliyohama yote. Ndivyo ilivyo kwa kolesteroli. Wengi wa wanaokufa kwa moyo hawatoki katika wale wachache wenye kipimo cha kutisha. Hutoka katika umati wa wenye kipimo kilichozidi kiasi, kwa kuwa ni wengi. Kwa hiyo mwenye kuwatafuta wagonjwa tu na kuwapa vidonge huokoa mtu mmoja mmoja, na huo ni wajibu wake, lakini haigusi hali inayowazalisha.

Ndugu wengi katika maofisi huyapokea maneno haya kwa kicheko. Husema moyo ni ugonjwa wa wakubwa, wenye vitambi na magari, na kwamba mnyonge ana malaria yake. Wakata magogo wa Karelia wamekwisha kujibu. Wanaume watumishi wa Serikali ya Uingereza waliofuatiliwa tangu mwaka 1967 wanajibu pia: waliokufa zaidi kwa moyo si makatibu wakuu, bali watu wa ngazi ya chini, wahudumu na matarishi, na tofauti ilikuwa ya zaidi ya mara mbili. Kolesteroli peke yake haielezi tofauti hiyo. Sigara, shinikizo la damu na maisha ya kuamrishwa kutwa nzima vimo. Lakini hakuna awezaye tena kusema kwamba cheo ndicho kinacholeta ugonjwa huu na unyonge ndio kinga.

Na ni kweli kwamba Tanzania ilianza mahali pazuri. Katika miaka ya 1980 madaktari Donald McLarty na Andrew Swai na wenzao walikwenda vijijini katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakawapima maelfu ya watu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1993 yalionyesha kwamba viashiria vya maradhi ya moyo, kolesteroli ikiwamo, vilikuwa vichache. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, Mmarekani George Mann alikuwa amewapima Wamasai, watu wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini. Habari hiyo iliwashangaza wengi na hata leo hutumiwa na kila anayetaka kuitetea nyama choma yake. Mann mwenyewe aliitumia kuipinga nadharia ya mafuta. Lakini Mmasai aliyepimwa wakati ule alikuwa akitembea na ng'ombe kutwa nzima chini ya jua, na chakula chake hakikuwa na soda wala chapati za kukaanga. Mtu anayekaa kwenye kiti cha ofisi kuanzia saa moja na nusu asubuhi, akapanda daladala kwenda na kurudi, hana haki ya kujikinga nyuma ya shuka la Mmasai.

Hali inabadilika upesi kuliko watu wanavyodhani. Uko uchunguzi mmoja, uliochapishwa mwaka 2010, ambao ulifanya kile ambacho ni nadra sana kufanywa: uliwapata wanaume na wanawake zaidi ya 200 wa Morogoro vijijini waliokuwa wakijiandaa kuhamia Dar es Salaam, ukawapima kabla hawajaondoka, ukawafuata mjini, ukawapima tena baada ya mwaka. Kabla ya safari, karibu wanaume wanane katika kila kumi walikuwa na kazi za nguvu. Baada ya mwaka mmoja wa mjini walibaki chini ya watatu katika kumi. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili, wanaume kwa wanawake. Kolesteroli ya wanaume ilipanda kwa kiasi cha milimoli 0.4. Mwaka mmoja tu! Karelia ilihitaji takriban miaka kumi kuteremsha zaidi kidogo ya kiasi hicho.

Walakini uchunguzi huo huo ulileta mambo ambayo hayakutarajiwa. Wahamiaji walikula nyama zaidi, ndiyo, lakini matunda na mboga pia. Ile kolesteroli inayobebwa na chembechembe zinazosafisha ilipanda nayo. Shinikizo la damu lilielekea kushuka badala ya kupanda. Mji haukuwa shetani mtupu. Mhubiri aliyezoea kusema kwamba kijijini ni uzima na mjini ni mauti angetahayari. Ndiyo faida ya kupima mara mbili: humnyima mtu nafasi ya kusema alichokwisha kukiamini kabla.

Litasemwa kwamba nchi hii haina uwezo. Inafaa kukumbushana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, wakainuka wakachimba vyoo. Wengi wa walioviongoza vikundi hivyo hawakuwa waganga. Walikuwa walimu na wananchi wa kawaida waliopewa mafunzo. Miaka kumi baadaye, mkoani Iringa, mpango wa lishe ulioanza katika vijiji 168 uliwafanya wazazi wawapeleke watoto kwenye mizani mara kwa mara, na matokeo yakasomwa mbele ya kijiji chenyewe, kamati ikauliza kwa nini watoto wa kitongoji fulani wanapungua na ifanyike nini. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Mizani ile haikumponya mtoto hata mmoja. Iliwafanya watu wazima waone kile ambacho walikuwa hawakioni, na waone tena robo mwaka iliyofuata kama walilolifanya limesaidia. Damu ya mtu mzima haina tofauti na uzito wa mtoto katika jambo hili, ila kwamba inadai sindano, maabara, na subira ndefu zaidi.

Subira ndiyo ngumu. Mradi wa wafadhili huishi miaka mitatu, kiongozi hukaa wilayani miaka michache akahamishwa, na mshipa wa moyo hufanya kazi yake kwa miaka thelathini. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuachiwa mradi. Ni lazima iwe kawaida ya Serikali, kama sensa ilivyo kawaida. Hakuna anayeuliza ni mfadhili gani atakayelipia kuhesabu watu. Inajulikana kwamba baada ya miaka kumi wahesabuji watagonga mlango.

Iko hoja nzito zaidi, nayo ni ya mganga wa zahanati mwenye upungufu wa dawa. Yeye anauliza: nipime kolesteroli ya mzee mzima, na mama mjamzito hana dawa za kuongeza damu? Hoja hiyo isidharauliwe. Jibu si kwamba kila zahanati ipewe mashine. Kufuatilia jamii hakuhitaji kila mtu apimwe. Huhitaji watu wachache waliochaguliwa kwa haki, wa kila umri, wanaume na wanawake, matajiri na maskini, katika maeneo machache yanayojulikana. Huhitaji maabara moja inayoaminika, yenye kutumia njia ile ile mwaka hadi mwaka, maana mashine ikibadilishwa bila kulinganishwa na ya zamani, kitakachoonekana kupanda au kushuka kitakuwa ni mashine. Huhitaji kuwaandika hata wale waliokataa, kwa sababu wanaokataa si sawa na wanaokubali. Katika Ufini yenyewe idadi ya wanaoitika imepungua mno tangu 1972, na wataalamu wao hawalifichi jambo hilo. Fedha zake ni kidogo zikilinganishwa na gharama ya mgonjwa mmoja mmoja anayefikishwa Muhimbili, ambako tangu mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwa ikitoa tiba za moyo ambazo zamani zilifuatwa India. Taasisi hiyo ni fahari ya nchi. Lakini hakuna nchi iliyowahi kuumaliza ugonjwa wa moyo kwa kisu cha mpasuaji.

Tena asidhani mtu kwamba namba hizi zitabaki katika mafaili ya Wizara ya Afya peke yake. Chukua mafuta ya kupikia. Nchi hii huagiza mafuta mengi kutoka nje, na sehemu kubwa ni ya mawese. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina ile inayopandisha kolesteroli, na ya nazi yamezidi hata hayo. Katika alizeti ni kiasi cha sehemu moja ya kumi tu. Mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma amekuwa akililia bei, mkulima wa michikichi wa Kigoma naye ana haki yake na historia yake, na mama wa Manzese ananunua kipimo cha mafuta kwa bei anayoimudu, si kwa ushauri wa mganga. Haya ni mambo ya kilimo, ya ushuru na ya biashara. Wafini walikutana nayo: wakulima wa maziwa walikasirika, na kwa haki, kwani riziki yao ilikuwa ndani ya siagi. Hawakupuuzwa. Ulianzishwa mpango wa kilimo cha matunda madogo ya porini na bustanini, na mmea wa jamii ya haradali wenye kustawi katika baridi ukaendelezwa ili Mfini apate mafuta ya kupikia ya nchi yake. Tanzania, tofauti na Ufini ya wakati ule, tayari inayo alizeti. Kinachokosekana ni namba ya kuweka mezani siku Wizara ya Kilimo, Wizara ya Fedha na Wizara ya Afya zitakapokaa pamoja kuamua juu ya ushuru wa mafuta: watu wa Singida wanaokula alizeti yao wako wapi, wa Dar es Salaam wako wapi, na walikuwa wapi miaka mitano iliyopita.

Mwaka 2020 wataalamu wa dunia walikusanya vipimo vya watu zaidi ya milioni 100 kutoka nchi 200, vya kuanzia mwaka 1980 hadi 2018. Picha waliyoichora inatia hofu na matumaini pamoja. Ulaya ya kaskazini-magharibi, iliyokuwa juu kuliko wote, ilikuwa imeshuka sana. Asia ya mashariki na ya kusini-mashariki ilikuwa imepanda kuchukua nafasi hiyo. Mzigo haukutoweka duniani. Ulihama kutoka kwa wenye nacho kwenda kwa wasio nacho, kama ulivyohama moshi wa sigara. Afrika ya kusini mwa Sahara ilibaki chini. Lakini katika picha hiyo nchi nyingi za Afrika zilichorwa kwa vipimo vichache mno, na palipokosekana vipimo palijazwa kwa makisio ya hesabu. Si aibu kukisiwa. Aibu ni kuridhika kukisiwa.

Watumishi na walimu wanayo nafasi yao katika jambo hili, na si ya kusubiri waraka. Wao ndio kundi la kwanza kuhama kutoka jembe kwenda kiti, ndio wenye chai ya saa nne na maandazi yake, ndio wenye bima na mafaili ya afya, na hawapotei: mwalimu akiajiriwa leo, mwajiri anajua atakuwa wapi baada ya miaka ishirini. Halmashauri yoyote yenye nia inaweza kuanza na watumishi wake wenyewe, kwa hiari yao na kwa siri ya kila mmoja, ikatangaza wastani tu. Siri hiyo ilindwe kwelikweli, maana mtumishi akihofu kwamba kipimo chake kitatumika kumnyima cheo au mkopo, hatarudi mara ya pili, na mara ya pili ndiyo inayotafutwa.

Na vijiji vile vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara bado vipo. Kijana aliyenyoosha mkono akatoa damu katika miaka ya 1980, akiwa na miaka ishirini, sasa yuko karibu na sitini. Watoto wake wamefikia umri aliokuwa nao baba wakati ule na kuupita. Baadhi yao wako Mbagala na Buguruni, na wengine wamebaki na shamba. Hapahitajiki kutafuta mahali pa kuanzia, wala kubuni namba ya kulinganishia. Bajeti ijayo ya Wizara ya Afya itaje mwaka ambao wapimaji watarudi katika vijiji hivyo, na itaje mwaka watakaporudi baada ya hapo. Na safari hii matokeo yabandikwe kwanza kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kabla hayajapanda ndege.